Mwongozo kamili: kupata mafunzo ya nyanjani ya uhifadhi Mombasa na kurudi chuoni na data inayosomeka

Kila mwaka ikifika Aprili ujumbe huwa ni uleule: "Nimetuma barua kumi na mbili, hakuna aliyejibu, na chuo kinataka nianze Mei." Wanaoandika ni wanafunzi wa mwaka wa tatu wa ikolojia, uhifadhi wa wanyamapori, sayansi ya bahari au mazingira. Wengi wana alama nzuri na hamu ya kweli. Lakini wameomba wakiwa wamechelewa, kwa barua isiyosema chochote, kwenye ofisi ambazo hawajui zinafanya nini.

Mafunzo ya nyanjani, au atachimenti kama tunavyoiita kila siku, niliyapata kwa shida na nikayafanya vibaya. Baadaye nilikaa upande wa pili wa meza, nikasoma barua hizo na kuwasimamia wanafunzi kwenye mikoko na ufuoni. Mwongozo huu unafuata kazi yenyewe inavyokwenda. Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa na wengi, nawe usiiruke.

## Vitu vya kuwa navyo

Upande wa karatasi:

- barua ya utambulisho ya chuo, yenye muhuri na tarehe ya kuanza na kumaliza
- bima ya ajali inayofunika kipindi chote
- wasifukazi usiozidi kurasa mbili
- nakala za kitambulisho cha taifa, kitambulisho cha chuo na matokeo ya mitihani
- kitabu cha kumbukumbu cha mafunzo kinachotolewa na chuo

Upande wa kazi:

- jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, ambalo Mamlaka ya Bandari huchapisha kila mwaka
- madaftari mawili yenye jalada gumu, penseli nne, kichongeo na kifutio
- futi ya kamba ya mita 50, na futi laini ya fundi cherehani
- raba kuukuu za kufunga kwa kamba, zenye soli nene
- mkoba usiopenya maji wa kuwekea simu na daftari
- shati la mikono mirefu, kofia, na chupa ya maji ya lita mbili

Utauliza kwa nini raba na si gambuti. Ukiingia kwenye tope la mikoko na gambuti, mguu utatoka na kiatu kitabaki. Na penseli nitaieleza hatua ya saba, kwa sababu ina kisa chake.

Kama bado uko shule au ndio unajaza chaguo zako KUCCPS, ofisi inayowapangia wanafunzi vyuo, angalia jambo moja kabla ya jina la kozi: je, mafunzo ya nyanjani ni somo lenye alama, na mhadhiri huja kukutembelea? Pwani kuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, vyote vilivyopata hati zao mwaka 2013. Kusomea karibu na bahari kuna faida ambayo vitabu havitakupa, maana maji yakipwa Jumamosi unaweza kushuka ukaangalia.

## Hatua ya 1: Chagua mazingira na msimu kabla ya kuchagua ofisi

Wanafunzi wengi huanza kwa kuuliza, "Ni ofisi gani inachukua watu?" Swali la kwanza liwe: nataka kujifunza kiumbe gani, katika mazingira gani, na je, miezi niliyopewa inaruhusu?

Vyuo vingi huwatoa wanafunzi kati ya Mei na Agosti. Huo ni wakati wa kusi, upepo wa msimu kutoka kusini. Muulize mvuvi yeyote wa Nyali au Bamburi: bahari inachafuka, maji hayaonyeshi chini, na boti ndogo hulala ufuoni siku kadhaa mfululizo. Mwanafunzi aliyekuja Juni akitaka kuhesabu samaki kwenye matumbawe atakaa ofisini akiingiza takwimu za watu wengine. Si kosa la mwenyeji wake. Hakuna msimamizi mwenye akili atakayemshusha mgeni majini siku ya upepo mkali.

Kwa hiyo, ukiwa na Mei hadi Agosti, elekea mikokoni, misituni, kwenye ufuo wakati wa maji kupwa, au kwenye kazi ya kuzungumza na wavuvi na kupima samaki wanaoletwa nchi kavu. Kama roho yako iko kwenye matumbawe, omba chuo kikuruhusu utoke wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, hasa Januari hadi Machi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu.

Haya ndiyo maeneo yenyewe.

Mikoko. Inaota kwenye hori, yaani mikono ya bahari, zinazozunguka Kisiwa cha Mombasa. Hori ya Tudor ina mikoko inayopakana na Mikindani na Jomvu, na upande wa pili kuna hori ya Port Reitz. Hii ni mikoko ya mjini: imekatwa, imemwagiwa maji taka, na bado inajitahidi kuota. Ukitaka kuona usimamizi wa kijiji, nenda Gazi, Kaunti ya Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 na wanakijiji huuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na msitu wao, yaani hulipwa kwa kuutunza. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao yake Mkomani, ina kituo huko Gazi.

Matumbawe na nyasi za baharini. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986 na iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sehemu isiyovuliwa kabisa ni kama kilomita 10 za mraba, na imezungukwa na eneo kubwa zaidi ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Mpaka huo wenyewe ni darasa, maana unaweza kulinganisha samaki wa ndani na wa nje. Mashirika ya utafiti kama CORDIO na WCS pia yamefanya kazi ya matumbawe hapa kwa miaka mingi, na yana kumbukumbu za tangu matumbawe yalipopauka vibaya, yaani kupoteza rangi kwa joto la maji, mwaka 1998.

Misitu na wanyama wa nchi kavu. Shimba Hills, Kwale, ndiko mahali pekee Kenya unapoweza kumwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda, porini. Karibu nayo kuna Mwaluganje, ambako jamii ilitenga ardhi yake kwa ajili ya ndovu. Diani kuna mbega wa pwani, aina ya kima, na shirika la Colobus Conservation limewatundikia madaraja ya kamba juu ya barabara ili wasigongwe na magari.

Ardhi iliyofufuliwa. Bamburi kuna Haller Park. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wenye chumvi. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje, na majani yake yalipoanguka bila kuoza akaleta jongoo. Jongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Kama hujawahi kuinama ukachota udongo ule mkononi ukijua ulianzia wapi, nenda hata kama hutafanyia mafunzo hapo. Mimi hunigusa kila ninapoingia.

Chagua moja. Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja, bila kusita: "Nataka kujifunza jinsi mikoko inavyochipuka upya baada ya kukatwa, na miezi yangu ni Mei hadi Julai." Ukisema "napenda mazingira kwa jumla," bado hujachagua.

## Hatua ya 2: Hesabu miezi kurudi nyuma

Ukianza Mei, barua ziondoke Januari. Ofisi za serikali hupitisha maombi kwa zaidi ya mtu mmoja, na nafasi za mashirika madogo ni mbili au tatu tu kwa msimu. Novemba na Desemba soma kuhusu mwenyeji unayemtaka. Januari andika. Februari fuatilia. Machi kata bima. Aprili tafuta chumba.

Aliyeanza Aprili hajakosa kila kitu, lakini itabidi atembee mwenyewe hadi ofisini, na akubali nafasi ambayo hakuitaka.

## Hatua ya 3: Andika barua inayotaja kazi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Barua ninayoipata mara nyingi inasema hivi:

*"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Naomba nafasi yoyote ya mafunzo katika shirika lako tukufu. Mimi ni mchapakazi na najifunza haraka."*

Soma tena maneno "nafasi yoyote." Kwa aliyeandika ni unyenyekevu. Kwa anayeisoma ni mzigo: sasa itabidi akae afikirie mgeni huyu afanye nini, akae wapi, na nani amsimamie. Ana barua hamsini mezani. Ataiweka kando, na huko kando ndiko itakakobaki.

Barua iliyopata nafasi ilisema hivi:

*"Naomba kufanya mafunzo ya wiki 12 kuanzia Mei 6, katika kazi yenu ya kufuatilia mikoko. Nimesoma kuwa mnapima uchipuaji kwenye maeneo yaliyokatwa. Naweza kutambua aina za mikoko kama mkoko, mchu, mkandaa na mlilana, kupima vipenyo na kuhesabu miche kwenye ploti, na kuingiza data kwenye jedwali la kompyuta. Sijui kutumia ramani za kidijitali vizuri, na hilo ndilo ningependa kujifunza kwenu. Chuo kitanipa bima ya ajali, nami nitajilipia makazi."*

Angalia ilichofanya. (Ploti ni kipande cha ardhi kilichopimwa ili kuhesabu vilivyomo.) Imetaja kazi ambayo shirika linaifanya tayari. Imetaja ujuzi unaoweza kujaribiwa siku ya kwanza. Imekiri pengo moja, na pengo hilo linaweza kuzibwa. Na imeondoa maswali mawili yanayomsumbua msimamizi kabla hajayauliza: bima na makazi.

Kanuni chache za kutuma:

Unganisha stakabadhi zote kwenye faili moja la PDF, na ulipe jina lako na la kozi. Viambatisho saba vyenye majina kama "skani0043" hupotea.

Kichwa cha barua pepe kiseme kazi na tarehe: "Maombi ya mafunzo, mikoko, Mei hadi Julai."

Usitume barua moja kwa ofisi kumi kwa mpigo. Anayeisoma huona orodha ya anwani na kujua hukumwandikia yeye.

Baada ya wiki mbili, nenda mwenyewe kama uko Pwani. Nenda asubuhi, na uepuke Ijumaa karibu na saa za sala ya mchana, maana nusu ya ofisi haitakuwepo. Vaa nguo za heshima. Anza na askari wa langoni, umsalimie kabla ya kumweleza shida yako. Ukimkuta mkubwa, shikamoo kwanza, kisha jina, chuo, na ile sentensi ya hatua ya kwanza. Shika nakala ya barua mkononi. Nimeona nafasi zikipatikana hivi, kwa dakika tano za mazungumzo, baada ya barua pepe tatu zisizojibiwa.

Tahadhari. Mtu akikuambia utume pesa kwa simu ili "barua ya kukubaliwa itoke," usitume. Pia kuna mashirika yanayowatoza ada wageni wanaojitolea kutoka ng'ambo. Hiyo ni halali, lakini ukiona ada hiyo usikate tamaa ukaondoka. Uliza kwa upole kama kuna utaratibu wa wanafunzi wa Kenya.

Hatua imekamilika ukiwa na barua ya kukubaliwa yenye jina la msimamizi wako na tarehe. Maneno ya "njoo tu tutaona" hayatoshi, chuo hakitayapokea.

## Hatua ya 4: Maliza karatasi

Peleka barua ya kukubaliwa chuoni, jaza fomu zao, na uhakikishe tarehe za bima zinalingana na tarehe za mafunzo. Bima iliyoisha wiki moja kabla itakusimamisha kazi wiki hiyo. Soma pia kama bima yako inagusa kazi za majini na za boti, nyingine hazigusi. Weka nakala ya kila kitu kwenye simu.

## Hatua ya 5: Nauli na chumba

Mafunzo mengi hayana malipo. Panga bajeti ukiamini hutapata kitu, na posho ikija iwe riziki.

Tafuta chumba karibu na eneo la kazi kuliko ofisi. Maji yakipwa alfajiri, anayelala upande wa pili wa mji hatafika. Kama kazi yako iko Gazi, Diani au Shimba Hills, kuishi Likoni au Ukunda ni rahisi kuliko kutoka kisiwani kila siku, ingawa kivuko cha Likoni ni bure kwa wanaotembea kwa miguu. Foleni ya feri asubuhi haina huruma kwa mtu mwenye miadi na bahari.

## Hatua ya 6: Wiki ya kwanza, jifunze majina na maji

Msimamizi atakupa majina ya Kilatini. Hayo utayakuta vitabuni. Majina utakayoyahitaji kesho asubuhi ni ya watu wa hapo, kwa sababu ndio watakaokuonyesha njia, watakaokuvusha kwa mtumbwi, na watakaokuambia kilichokuwepo kabla hujazaliwa.

Pwani ya Kenya ina aina tisa za mikoko. Anza na hizi: *mlilana* husimama mbele kabisa, miguu baharini, na mizizi yake ya hewa ni minene kama vigingi. *Mkoko* wenyewe una mizizi inayopinda kama miguu ya buibui. *Muia* na *mkandaa* huja nyuma yake. *Mchu* ni wa ajabu kidogo: utaukuta upande wa bahari na utaukuta tena mwisho kabisa kuelekea nchi kavu, ukiwa mfupi kwa sababu ya chumvi. *Mkomafi* utaujua kwa tunda lake kubwa la mviringo.

Kwa nini hili ni muhimu? Mwaka wangu wa tatu kikundi chetu kilipewa miche ya mkoko tupande kwenye hori, sehemu ya mbele iliyo wazi. Mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha wavu wake alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, hapo si pake. Hapo ni pa mlilana." Tukamwambia asante mzee, tukaendelea kupanda, kwa sababu ratiba ilisema miche elfu moja kufikia saa sita. Niliporudi wiki ya sita, mistari yote ya mbele ilikuwa imeng'olewa na mawimbi. Kijiti kimoja kilikuwa kimebaki, kimelala. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa tumeambiwa.

Wiki hiyo hiyo jifunze maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu: maji hupwa sana na kujaa sana, na pale Kilindini tofauti yake inakaribia mita nne. Kati ya bamvua mbili kuna maji mafu, na siku hizo sehemu nyingi za ufuo hazifunuki kabisa. Chukua jedwali, weka alama siku zote za bamvua katika miezi yako mitatu, na uzihesabu. Hizo ndizo siku zako halisi za kazi ya ufuoni. Ukizipoteza mbili kwa uzembe, umepoteza sehemu kubwa ya data yako.

Mwisho wa wiki, mtu akikuuliza "Alhamisi ijayo tutashuka saa ngapi?" uwe na jibu bila kumtazama msimamizi.

## Hatua ya 7: Daftari

Mhadhiri alipokuja kunitembelea alifungua kitabu changu cha kumbukumbu. Kwa wiki nne nilikuwa nimeandika "Tulipanda mikoko" au "Tulipima miti." Akauliza, "Mingapi? Ya aina gani? Mlipima wapi kwenye shina?" Nilinyamaza. Nilikuwa nimefanya kazi kweli, jua lilikuwa limenichoma kweli, na sikuwa na chochote cha kumwonyesha.

Andika siku ileile, ukiwa bado na tope. Ukurasa unaofaa huonekana hivi:

*"Juni 14. Maji yalianza kurudi kabla hatujamaliza ploti ya 7. Ploti ya 6, mita 10 kwa 10: mkoko 23, mkandaa 11, mchu 4. Visiki 7, vitano vya karibuni, utomvu bado haujakauka. Miche chini ya goti: 41. Njia ya mbuzi inapita pembe ya kaskazini."*

Ile njia ya mbuzi hakuna fomu iliyoiuliza. Miezi miwili baadaye ndiyo itakayoeleza kwa nini pembe ile haina miche.

Sasa kupima shina. Miti mingine kwa kawaida hupimwa kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko hauwezi kupimwa hivyo, maana kwenye kimo hicho mara nyingi bado kuna mizizi. Tafuta mzizi wa juu kabisa unapotokea shinani, panda sentimita 30 juu yake, zungusha futi ya fundi hapo. Futi ilale mlalo, isipinde upande wa pili usiouona. Pitisha kidole nyuma ya shina uhakikishe. Soma mzingo, gawanya kwa 3.14, upate kipenyo. Mzingo wa sentimita 37.7 ni kipenyo cha sentimita 12. Mwenzako aandike huku akirudia namba kwa sauti, nawe useme "ndiyo" kabla ya kuhamia mti mwingine. Masikio hukosea kati ya "kumi na saba" na "kumi na nane" upepo wa kusi ukivuma.

Na penseli. Mwanafunzi niliyemsimamia alifika na kalamu nzuri ya wino. Ilikuwa siku ya manyunyu, akateleza, daftari likagusa maji kwa sekunde moja hivi. Tulipolifungua kivulini, kurasa tatu zilikuwa buluu tupu. Ploti nne zilirudiwa baada ya wiki mbili, kwenye bamvua iliyofuata. Penseli haiogopi maji.

Kila jioni piga picha kila ukurasa. Ingiza namba kwenye jedwali la kompyuta usiku huohuo, ukiwa bado unakumbuka kama ile ni 1 au 7. Programu ya KoboToolbox hukuruhusu kujaza fomu kwa simu bila intaneti, na QGIS ya ramani na R ya takwimu ni bure. Jifunze moja vizuri.

Jipime hivi: mpe daftari mtu ambaye hakuwepo. Akiweza kurudi kwenye ploti ileile na kupima miti ileile, daftari lako linafaa.

## Hatua ya 8: Kutoka salama

Ingia ufuoni au mikokoni maji yakiwa bado yanatoka, na uanze kutoka kabla hayajageuka. Mikokoni maji hayaji kama wimbi. Hujaza vijito vilivyo nyuma yako kwanza, na unapoyaona mbele, njia ya kurudi imeshakuwa kiunoni. Usiende peke yako. Mwambie mtu wa nchi kavu saa utakayotoka.

Kwenye boti vaa jaketi la kuokolea hata kama unajua kuogelea. Kama hujui, jifunze kabla ya kuja, na umwambie msimamizi ukweli. Hakuna aibu ndani yake, na wengi wetu tuliozaliwa hapahapa tulijifunza ukubwani.

Usitembee pekupeku kwenye mwamba. Mkwaruzo wa tumbawe uoshe kwa maji safi mara moja, maana huvimba haraka kuliko unavyodhani.

Shimba Hills na Mwaluganje usishuke kwenye gari wala kuingia msituni bila askari wa wanyamapori. Ndovu aliyesimama ndani ya kichaka hana kelele hata kidogo.

## Hatua ya 9: Chukua swali moja la mradi

Wiki ya tatu, ukiwa umeshaona mahali, kaa na msimamizi uchague swali moja linalojibika kwa siku zilizobaki. Wengi huchukua swali la miaka kumi. "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa mikoko ya Mombasa" haijibiki kwa wiki tisa. Hizi zinajibika:

- Je, visiki ni vingi zaidi karibu na njia za watu kuliko mita 200 ndani?
- Mbega wa Diani hutumia daraja la kamba saa zipi zaidi, na lini hupita chini?
- Kunguru wa India, ambaye si ndege wa asili ya hapa na huwamaliza makinda wa ndege wengine, ni wangapi kwenye jaa la taka na wangapi mtaa wa pili usio na jaa?

Hilo la kunguru nalipenda hasa. Halihitaji boti, halisimamishwi na kusi, na kila mtu wa Mombasa ana la kusema juu yake.

Tahadhari. Utafiti wako mwenyewe unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti, na ndani ya hifadhi unahitaji idhini zaidi. Muulize msimamizi kama kazi yako iko chini ya kibali cha shirika. Usichukue kombe, tumbawe, yai wala manyoya ukidhani ni sampuli ndogo tu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haina huruma kwa mwanafunzi.

## Hatua ya 10: Ziara ya mhadhiri, ripoti, na kurudisha data

Siku ya ziara, mpeleke mhadhiri kwenye ploti kama muda unaruhusu. Dakika kumi pale zina uzito kuliko saa nzima ofisini. Msimamizi atie sahihi kitabu cha kumbukumbu kila wiki. Usimletee wiki 12 siku ya mwisho.

Anza ripoti wiki ya nane. Andika kwanza njia ulizotumia na matokeo, ukiwa bado unaweza kurudi kupima kilichosahaulika. Utangulizi uandike mwisho. Usiogope matokeo yasiyopendeza. Ukipanda miche mia na ikabaki kumi na miwili, andika kumi na miwili, na useme ilikufa wapi na kwa nini unadhani hivyo.

Kabla ya kuondoka fanya mambo mawili ambayo karibu hakuna anayeyafanya. Mkabidhi mwenyeji wako faili la data lililosafishwa, lenye ukurasa mmoja unaoeleza kila safu ni nini na ploti ziko wapi. Kisha rudi kwa wale waliokuvusha kwa mtumbwi na kukuonyesha njia, uwaambie kwa Kiswahili ulichokipata: visiki vingapi, miche mingapi, wapi panachipuka. Nenda jioni maji yakiwa yamejaa, ndipo utakapowakuta wamekaa.